Tulivyomzika Mama Kama Jirani

Mama alikausha migebuka kwa moshi tangu usichana wake, na moshi huo ndio uliomla mapafu. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba yetu Ujiji, bati juu na udongo pembeni, na lile tundu la kutolea moshi aliliziba kwa gunia ili samaki wakauke upesi. Daktari wa mjini alimpima kifua, akamkataza kukaribia moto. Mama akamjibu, "Basi daktari, waambie na hawa wanangu wasikaribie sahani."

Alipofikia hatua ya kulala ameketi, mito mgongoni, baba aliuza karabai zake za kuvulia dagaa, kisha wavu, mwisho mtumbwi. Dawa zilikuwa za kununua, na mtungi wa hewa hospitalini uligombewa na wadi nzima. Mvuvi asiye na mtumbwi hubaki kibarazani akikosoa uvuvi wa wenzake, lakini baba hata hilo lilimshinda. Nilimhurumia. Nilimkasirikia pia, maana alikuwa akiuza vitu kimyakimya kana kwamba sisi hatuna macho.

Ilikuwa ile miaka ya Warundi kuvuka mpaka usiku na mchana. Mjini watu walikuwa na wivu wa kijinga: wakimbizi wanapewa unga bure, mafuta bure, mablanketi bure. Hawakusema kwamba wamepewa hivyo baada ya kunyang'anywa kila kitu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata mimi niliwaonea wivu. Kambini kulikuwa na hospitali yenye mashine ya hewa, na mkimbizi alilazwa bila kulipa. Mwenyeji alipewa vidonge akarudishwa kwao.

Mjane mmoja wa Kirundi alizoea kununua migebuka kwa mama na kwenda kuichuuza kambini. Siku moja alimkuta mama anahema mlangoni, mdomo umegeuka rangi.

"Dada," akasema, "Kiha chako na Kirundi changu ni mtu na mdogo wake. Twende. Nitasema wewe ni dada yangu tuliyepoteana njiani. Mumeo alikufa kule."

Baba alikuwa amekaa palepale. Mama akamtazama, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Umesikia, baba watoto? Umeshakufa."

"Nimekufa," baba akasema. "Nenda."

Mama akapanda lori la dagaa, akaandikishwa ukimbizi katika nchi aliyozaliwa. Na hewa akapata kweli. Kwa muda alirudisha mwili, akaweza hata kutembea hadi sokoni. Siku za soko mimi, niliye binti yake mkubwa, pamoja na baba tulimfuata kule na kapu la dagaa, tukijifanya wachuuzi. Baba alimsalimia mkewe, "Amahoro, mama," na yeye akaitikia huku akichambua dagaa, akilalamika kwamba wana mchanga. Mikono yao ilikutana ndani ya kapu na kukawia humo. Nyumbani sikuwahi kuwaona wakishikana mikono.

Masika yalipoingia, baridi ya kule ilimshinda. Dereva wa lori ndiye aliyetuletea habari. Kwetu mtu huzikwa kwao, kando ya migomba, na wajomba walianza kuchimba kaburi hata kabla hatujaondoka kwenda kumchukua.

Tulimkuta mjane ameketi chini, kanga imelowa, watoto wake wamemzunguka.

"Mkimdai, wataniuliza huyu niliyemleta alikuwa nani," akasema. "Watanifuta kwenye orodha, mimi na hawa. Nitakula wapi?"

Hasira ilinipanda. Nilitaka kupiga kelele kambi nzima isikie kwamba huyo ni mama yangu, ana mume, ana watoto, ana kwao. Baba akanishika mkono kwa nguvu.

"Alimpa mama yako pumzi," akaninong'oneza. "Shukrani ya punda ni mateke. Sisi si punda."

Kwa hiyo wakamzika wao. Katekista aliwaita ndugu watangulie kutupa udongo, na mjane akaenda na watoto wake, wakilia kilio cha kweli. Wakafuata wa hema za jirani. Kisha akasema waliobaki nao wanaweza kusogea, na ndipo tuliposogea. Mimi nililia kwa sauti, nikamwachia aliyetaka kushangaa ashangae. Baba hakulia. Alitupa udongo wake, akarudi nyuma akasimama na watu wa soko.

Mzee mmoja wa Kirundi aliyesimama kando yake akamuuliza kama alimfahamu marehemu.

"Alikuwa mteja wangu," baba akajibu.

"Maskini," mzee akasema. "Kufa ugenini, bila mume wa kumlilia."

"Ni kweli," baba akasema, na akaendelea kupangusa udongo mikononi.