Bibi wa Kwenye Gemu na Bibi wa Kwenye Benchi

Aibu niliyoipata juzi kazini bado inanitoa jasho.

Nauza kwenye duka la dawa hapa Morogoro Mjini. Mimi na rafiki yangu Hamisi, anayesoma Mzumbe, tunacheza pamoja gemu ya falme na mazimwi kwenye simu. Juzi tulikwama: bibi mganga aliyetulea kwenye gemu aling'atwa na zimwi, nasi tumebakiwa na chupa moja tu ya dawa. Hamisi akataka tumpe. Nikampigia kumpinga, huku nikitafuta kwenye rafu za nyuma dawa ya presha ya mteja wangu, bibi mmoja wa Bigwa aliyekuwa akisubiri kwenye benchi.

"Huyo bibi tumwache afe," nikasema. "Sheria iko wazi. Aliyeng'atwa haponi, anageuka zimwi."

"Ni dhambi, bwana! Katulea yule."

"Dawa ni moja, naye kazeeka. Nampa maji tu, hatajua."

Niliporudi kaunta na dawa mkononi, benchi lilikuwa tupu. Bibi alikuwa mlangoni, kamshika mkono bosi wangu, Mama Zuhura.

"Huyu hapa! Ananiita zimwi, anataka kunipa maji nife."

"Shikamoo bibi, ni gemu tu!" nikabwata, wakati nilishamwamkia tangu alipoingia.

Mama Zuhura akaninyang'anya simu, akaweka spika. Sauti ya Hamisi ikajaa duka zima:

"Haya, umenishinda. Afe. Ila umvue pete kwanza."

Bibi akaficha mkono ndani ya kanga.