Simu za Majaribio kwa Baba

Nilipomaliza shahada ya uhandisi wa mawasiliano, nyumbani Mtunda walinipikia pilau na kunisomea dua, na tangu siku hiyo kila mtu akawa ananiita injinia. Baba peke yake aliuliza, "Ndiyo umeshakuwa, au bado?"

Nikamwambia ukweli. Bado. Ilinipasa kufanya kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndipo bodi ya wahandisi inipime na kunisajili. Hata kupanda mnara kulikuwa na mafunzo yake na cheti chake. Akaitikia kwa kichwa, basi. Baba hakuwa msemaji, na tangu mama afariki hata maneno yake machache yalikuwa yamepungua.

Mwaka uliofuata kazi ikanileta karibu na nyumbani. Upande wa Mohoro kulikuwa na mnara mpya, na wakulima wa bondeni walilalamika kwamba simu zinakatika. Msimamizi wangu, mama wa makamo asiyepitisha kazi mbovu, akanipa vifaa vya kupimia mawimbi.

"Hivi vitakupa namba tu," alisema. "Kila unaposimama mpigie mtu, umsikilize kwa sikio lako. Tafuta mwenye subira."

Nikamchagua baba.

Simu ya kwanza nilipiga nikiwa kando ya majaruba ya mpunga.

"Shikamoo baba. Najaribu mtandao. Sema chochote."

"Marahaba. Niseme nini?"

"Lolote lile."

Akasema, "Kuku ametaga," na hapo maneno yakamwishia.

Lakini niliendelea kupiga, na kufika alasiri nikatambua kwamba anazisubiri simu zangu. Akanieleza mara habari za ufuta wa jirani, mara mbuzi aliyeingia msikitini. Nilipofika bondeni kabisa, nikiwa nimesimama juu ya tuta, akaanza bila kuulizwa:

"Mama yako hakuutaka huu mkorosho uani. Nikaupanda kwa ubishi. Ulipozaa mara ya kwanza, akatoka ndani na ungo, akani..."

Simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, wapi. Machozi yakanitoka pale pale kwenye tuta.

Nilirudi mnarani, msimamizi akatazama vipimo.

"Wewe unaonaje?"

"Antena imeinuliwa mno. Mawimbi yanapita juu ya bonde na kwenda mbali. Tuiinamishe kidogo."

"Una hakika?"

Nikamwonyesha hesabu yangu. Akaipitia polepole, kisha akasema, "Haya. Kesho utapanda na fundi."

Asubuhi, cheti cha kupanda nikiwa nimeshakipata, nikavaa kofia ngumu na mkanda, nikapanda nyuma ya fundi. Yeye alilegeza nati, mimi nikashika kipimo cha mwinamo na kumwambia wapi aishie. Tuliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwenye lile tuta.

"Baba, endelea."

"Niendelee na nini?"

"Mama alitoka na ungo."

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika mama.

"Enhe! Akaniambia, 'Haya, nichumie.' Utasema mkorosho kaupanda yeye! Na mimi nikapanda, nikamchumia."

Sauti yake ilikuja safi, haikukwaruza hata kidogo. Kwa jaribio, nilichosikia kilitosha. Sikukata. Akanisimulia jinsi mama alivyokaanga korosho zile, moshi wake ukamtoa jirani nyumbani kwake, na mengine ambayo sikupata kuyajua kabla ya hapo.

Jioni msimamizi alinipitisha nyumbani kabla ya kuelekea Ikwiriri. Baba akamkaribisha kwa heshima zote, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mzazi aliyeitwa shuleni, "Huyu binti yangu, anafundishika?"

"Mzee, kule bondeni watu sasa wanaongea bila simu kukatika. Aliyeona tatizo ni yeye."

Baba aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Akaiweka mbele yangu kwanza, kabla ya mgeni, jambo ambalo si desturi yake kabisa.

"Kula, mama," akaniambia.