Siku Baba Alipoimba Jina Langu

Juzi, katika hospitali moja hapa Nakuru, nilimwona dada mmoja akimpigia gitaa mzee aliyepooza, na nikajikuta nimerudi Elburgon nilikokulia.

Baba alikuwa ameangukiwa na gogo kichwani kwenye kiwanda cha mbao, na tangu hapo hakuweza kutamka neno. Alasiri moja akaja Mjomba Barasa, kaka yake Mama, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini, na mtunzi wa nyimbo. Nyumba ilinuka moshi na utomvu wa mbao. Aliketi karibu na Baba na gitaa lake, akaanza kuimba taratibu wimbo aliomtungia: "Mtoto wangu ni nani? Ni Nekesa." Aliurudia mpaka nikaanza kusinzia. Kisha akaimba swali tu, akanyamaza.

"Ne-ke-sa," Baba akaimba.

Niliruka! Niliamini Mjomba alikuwa ameificha sauti ya Baba ndani ya gitaa, nikachungulia tundu lake. Siku hizi wataalamu wanasema wimbo hupita njia nyingine kichwani, si ile ya usemi.

"Tena, Shemeji!" Mjomba alipiga kelele.

Mama alitoka mbio kuwaita majirani, mikono imejaa unga. Mimi nilibaki pale, nikiitika kila Baba alipoimba: "Niko, Baba! Niko!"