Nyumba Hubebwa kwa Majina

Naikumbuka Jumapili ile niliyoiona nyumba yangu ikishuka mtaa kwa miguu ya watu, nami nimeitangulia mbele, jasho linanitoka, naita majina ambayo nusu saa kabla sikuyajua. Kaa vizuri, mwanangu. Hiyo simu ilaze kifudifudi, nikueleze.

Mimi ni mtu wa nyumbani, hilo halina siri. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nami katika ujana wangu niliwajibu kimoyomoyo kwamba mwenda bure huenda pia akaokotwa yeye. Safari yangu kubwa ilikuwa kutoka milima ya Lushoto hadi hapa Soweto, na nilipofika nikaona imetosha, safari za maisha yote nimezimaliza kwa mkupuo. Nikafungua spaza yangu, yaani kiduka cha mtaani, katika kibanda cha bati, hivi vinavyoitwa zozo, uani kwa mama mmoja mwenye nyumba. Mbele duka, nyuma pazia, nyuma ya pazia kitanda na mke wangu Mwanaidi. Kutoka kazini hadi nyumbani ilikuwa kulisogeza pazia. Nani angetaka zaidi?

Watu walikuja dirishani, wakanunua, wakaondoka. Waliniita "mai frendi", kama wanavyoitwa wageni wote wenye duka. Mimi nami niliwajua kwa walichonunua. Yule Nusu Mkate. Yule Sigara Moja. Yule Maziwa ya Paka. Nilijiona hodari kweli, maana mteja hajafika mlangoni mkono wangu umeshafika rafuni. Mazishi sikwenda, harusi sikwenda, na mtu akihamia mtaani nilimsubiri aishiwe sukari ndipo tujuane.

Jirani yangu Mkongo, Papa Ilunga, mshonaji kutoka Lubumbashi, alikuwa akinicheka: "Weye uko sawa konokono. Nyumba mu mugongo, kichwa ndani." Nami nilimjibu konokono hajawahi kugongwa na teksi akivuka barabara. Alikuwa ndiye mtu pekee mtaani niliyemjua jina, tena kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye kibao chake.

Basi siku moja yule mama mwenye nyumba akaniambia kwa upole kwamba mwanawe anaoa, uwanja unatakiwa kujengwa vyumba, na Jumatatu mafundi wanaanza. Hakuwa na ubaya. Mwishoni mwa mtaa, ng'ambo ya robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, bibi mmoja alikubali nihamie uani kwake. Tatizo lilikuwa zozo lenyewe. Papa Ilunga alilizunguka, akagonga bati kwa kidole, kutu ikamwagika kama ugoro. "Ukiifungua, itakufa," akasema. Na kweli, misumari ilikuwa imeshaoana na mbao. Ukiing'oa unabaki na vyuma chakavu. Lori nalo lisingepita kwenye kichochoro cha ule uwanja. Baridi ya Johannesburg ilikuwa mlangoni, Mwanaidi ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na mimi uwezo wa kununua bati jipya sikuwa nao. Tungelala wapi?

Ijumaa nikaenda mjini kuswali, uso umenishuka. Hapo ndipo aliponiona Pak Baso.

Huyu alikuwa mzee wa Kiindonesia, seremala katika karakana ya samani karibu na maduka ya jumla. "Pak" kwao ni kama kusema baba. Aliwahi kuwa baharia, akashuka Durban, mapenzi yakamkamata asirudi melini. Aliniita "Nak", yaani mwanangu, kama mimi ninavyokuita wewe ingawa si mimi niliyekuzaa. Akanikalisha juu ya mbao, akanimiminia kahawa nzito yenye tope chini, akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akacheka! Nikakasirika.

"Nak, unalia kwa sababu nyumba haivunjiki? Kwetu nyumba haivunjwi. Inabebwa."

Akachukua penseli iliyokaa sikioni, akachora juu ya ubao. Kijiji chao kiko milimani, kisiwa cha Sulawesi, kinaitwa Buttu Paniki, Mlima wa Popo. Aliniapia kwamba hata watu wa wilaya ya pili hawakijui. Barabara inafika mguuni mwa kilima, inakata tamaa, kinachoendelea ni njia ya mbuzi. Asubuhi ukungu unashuka mpaka jogoo anawika hamwoni anayemwamsha. Hapo nikamkatiza, nikamwambia ukungu huo naujua, ni wa kwetu Lushoto. Akasema basi labda ni ukungu mmoja, unafanya kazi zamu mbili.

Mashamba ya mpunga yanapanda mlima kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, na maji yanashuka kutoka kwa jirani wa juu kwenda kwa jirani wa chini, kwa hiyo ukigombana na wa juu utakula mihogo. Karafuu zinaanikwa kwenye mikeka kando ya njia, kijiji kizima kinanukia kama pilau ya sikukuu. Nyumba ni za mbao, zimesimama juu ya miguu mirefu. Chini wanalala kuku, na mchana wazee wanakaa hapo kusema uongo. Na mtu akitaka kuhama, labda ameuza kiwanja, labda amechoshwa na mama mkwe, hahamishi vyombo peke yake. Anahama na nyumba. Ijumaa baada ya sala wanaume wanafunga mianzi mirefu chini ya sakafu, wanaingia mabega, wanainua, wanakwenda nayo. Wanawake wamepika tangu alfajiri. Nyumba inateremka kilima na mapazia yake yanapepea.

Mwanangu, nilipoisikia habari hiyo moyo wangu ulifunguka. Watu wanaohama bila kutoka nyumbani! Nikajiuliza Mungu alikosea vipi hata nikazaliwa Lushoto.

"Itawezekana," akasema Pak Baso. "Mbao ndefu ninazo, kamba ninazo. Wewe leta mabega. Umewahi kubeba nyumba ya nani?"

Nikainamia tope la kahawa yangu. Akanitazama, akaiweka penseli sikioni.

"Basi nenda mlango kwa mlango. Ingia ndani, kaa, kunywa chai. Usiite watu ukiwa umesimama getini, Nak. Anayeita kutoka getini anaita mbwa."

Nilifanya nini? Jumamosi nilizunguka mtaa mzima nimesimama getini. Aibu ilinishika miguu. Nilisema "kesho mchana, tafadhali, mnisaidie kubeba nyumba," kisha nikakimbia kabla hawajauliza nyumba inabebwaje.

Wakaja. Usidhani walinipenda, walikuja kuuona wazimu wa mai frendi. Walikuja na nguo za kanisani, wengine na chupa mkononi, wengine na viti vya kukalia kabisa kama wamelipa kiingilio. Mwanaidi na mke wa Papa Ilunga walikuwa na sufuria la pilau jikoni, na naamini harufu ile ilileta nusu ya mabega. Bidhaa tulishazitoa. Pak Baso, na kofia yake nyeusi kichwani, akapitisha mbao chini ya zozo, akafunga fundo, akakagua. Kisha akapiga kofi.

Wakainua.

Yaani kila mmoja akainua kwake na kwa wakati wake. Upande wa kushoto ukapanda, wa kulia ukabaki chini, nyuma wanasukuma, mbele wanavuta. Zozo likainama, boriti ikalia kwiii, dirisha la duka likafunguka lenyewe kama mtu anayetaka kutapika. Mwanaidi akapiga kelele, mikono tumboni. Nikaona chumba cha mtoto wetu kinaporomoka kabla hajazaliwa.

"Shusha!" Pak Baso akafoka. Likashuka, likatulia, linatetemeka. Akanifuata. "Kazi yako huifanyi. Kwetu mwenye nyumba habebi. Anatangulia mbele, anawaita wabebaji kwa majina. Fulani, inua! Fulani, nyoosha! Bega lisiloitwa linasinzia. Haya, ita."

Nikasimama mbele ya mtaa wangu. Nikafungua kinywa. Nyuso zote nilizijua, mwanangu, nyuso zilizokuja dirishani kwangu kila siku ya Mungu. Jina hata moja sikuwa nalo, ukimwondoa Papa Ilunga, naye alikuwa amejificha nyuma ya nguzo ili nisijifiche kwenye jina lake.

Mtu akakohoa. Nikaona watakwenda zao.

Basi nikafumba macho nikaita nilichokuwa nacho. "Nusu Mkate! Shika kona! Sigara Moja, ingia katikati! Maziwa ya Paka, nyoosha mgongo!"

Kisha jamaa mmoja mrefu akasema, "Eish! Nusu Mkate ndiyo mimi?" Na mtaa ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, nami kwa hofu sikuweza kujizuia, nikaendelea: "Na Mama Ugoro, tafadhali ongoza njia!"

Lo! Mama Ugoro alikuwa ndiye yule bibi wa uwanja niliokuwa nahamia. Alikuwa amesimama na sare ya kina mama wa kanisa, nyeupe pe, kati ya kina mama wenzake, na ugoro wake alikuwa akinunua jioni, shuka limefunika kichwa.

"Mai frendi!" akasema, mikono kiunoni. "Umenitangaza mbele ya kanisa zima!"

Nikajua nimepoteza zozo na uwanja kwa neno moja. Lakini mama mwenzake akamgusa, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Na mimi nipe kidogo." Bibi akaanza kutikisika, mabega, tumbo, kofia, akacheka mpaka machozi. Akavuta kiti, akakaa mbele ya zozo, akaninyooshea kidole.

"Mimi ni Gogo MaKhumalo," akasema, na gogo kwao ni bibi. "Sema."

"Gogo MaKhumalo."

"Huyo mrefu ni Sipho. Alipoteza baba yake mwaka jana, hukuja. Sema Sipho."

"Sipho," nikasema, nikamwinamishia kichwa.

"Wa sigara ni Themba. Mwenye paka ni Lindiwe, na paka anaitwa Bosi."

Nikayaita yote, hadi Bosi. Pak Baso akapiga kofi tena, nami nikaita: "Sipho, inua! Themba, inua! Lindiwe, nyoosha!" Na nyumba, mwanangu, ikapanda sawasawa kama imekumbuka jambo. Ikatoka kichochoroni. Ikashika mtaa, Gogo kando akinitilia jina kila niliposahau, watoto wanaimba, Papa Ilunga chini ya bati anapiga kelele: "Konokono anatembea! Konokono anatembea!"

Tulipofika kwenye robot ikawaka nyekundu. Pak Baso akawaamuru wasimame. Nyumba nzima ikasimama kwenye robot, na teksi nyuma yake zinapiga honi. Dereva mmoja akatoka amekasirika, akatazama, akakuna kichwa, akaacha abiria wake akaingia bega. Kwanza nikamuuliza jina. Nilishajifunza.

Jioni tulikula pilau juu ya ndoo na makreti. Gogo akala, akalamba vidole, kisha akaniuliza kitu ambacho tangu nifike nchi hii hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. "Na wewe, mai frendi, mama yako anakuitaje?"

"Hassani."

"Hassani," akasema. Sipho akasema. Likapita sahani kwa sahani.

Miaka iliyofuata mtaa huu ulivumiwa na upepo mbaya, watu wasiojulikana wakipita na kuuliza maduka ya wageni yako wapi. Walipofika kwangu walimkuta Gogo amekaa kitini mlangoni, ugoro mkononi, hajifichi tena. "Hapa hakuna mgeni," akawaambia. "Hapa ni kwa Hassani." Wakapita.

Pak Baso alirudi Buttu Paniki kuzeekea. Mwezi uliopita mjukuu wake alitutumia video kwenye simu. Nyumba ya mzee inahamishwa, inakaribia kisima, maana magoti yake yamegoma kupanda. Ukungu ni uleule, ngazi za mpunga zilezile alizonichorea. Mzee anatangulia na fimbo, anaita: majina ya kwao, moja baada ya jingine, mabega yanaitikia. Kisha, juu ya kilima kisichojulikana hata na wilaya ya pili, nikasikia wazi: "Hassani, inua!" Nilisimama, mwanangu. Nimekaa kwenye kochi langu Soweto, nikasimama na bega nikaliweka tayari. Mwanaidi ananicheka hadi leo.

Sasa wewe umehamia Joubert Park, ghorofa ya juu, umefurahi mlango unajifunga wenyewe. Nilipokuuliza jirani yako nani ukanijibu, "Yule wa viatu mlangoni." Nikatabasamu, maana nilimsikia Nusu Mkate. Sikukatazi kukaa ndani. Nitakukatazaje, mimi? Kaa ndani ushibe. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba yoyote, hata ya zege, siku moja itataka kubebwa: kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa uzazi, kwa upepo. Siku hiyo hutaokolewa na mlango. Basi nenda leo, kabla hujahitaji kitu. Usisimame getini, ingia, kaa, kunywa chai hata kama haina sukari ya kutosha. Muulize jina lake na la mama yake, na kama ana paka, la paka. Akifiwa, nenda. Akihama, shika kona moja ya kochi. Na lako waambie, walitamke mpaka lizoee vinywa vyao.

Mungu akupe nyumba nyepesi na majirani wenye mabega mapana. Akupe sauti ya kuwaita, na siku ukiitwa wewe, uwe umeshavaa viatu.