Mkojo wa Soksi

Nilipokuwa mtoto, huko karibu na Songwa, watu wazima wenye akili zao, au ndivyo walivyojidai, walimfukuza bibi kizee kijijini kwa sababu ya mkojo wa paka.

Paka mwenyewe alikuwa wetu. Soksi, dume tuliyemfuga afukuze panya kwenye mtama. Alipopevuka akaanza kuinua mkia na kurusha mkojo: mlangoni, kwenye mtungi, mpaka kwenye koti la baba la kuendea mnadani. Mama alisugua kwa majivu hadi akachoka. Baba akamwita mganga, naye, baada ya kumla jogoo wetu mzima, akanusa mwimo wa mlango na kutangaza kwamba ule ni uchawi uliotumwa na mwanamke mwenye macho mekundu.

Macho mekundu, jamani! Mwanamke gani wa kwetu hakuwa nayo, kwa moshi wa kupikia mavi makavu ya ng'ombe miaka nenda rudi? Mama alikuwa nayo. Lakini mama alikuwa na mume. Bibi Kabula, jirani yetu mjane, hakuwa na mtu wa kumtetea.

Tena alikuja mwenyewe, maskini, kutusaidia. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akamgeukia baba.

"Baba Minza, huyo ni dume. Mhasi kama unavyohasi mafahali wako, ataacha."

Baba alingoja bibi aondoke, akatugeukia.

"Mmesikia? Amejuaje uchawi huu utakavyokwisha?"

Basi, hukumu ikawa hiyo. Kabla ya wiki kwisha wanaume walimwendea wakamwambia ahame, akaenda kwa binti yake aliyeolewa huko Runzewe. Nilikuwa nimesimama njiani alipopita na mkeka wake kichwani.

Soksi aliendelea kurusha. Mjomba alipokuja kuhasi mafahali alimvika paka gunia kichwani, akachukua wembe, akamaliza kazi. Mkojo ukakoma. Baba, mfugaji aliyekulia zizini, akawatangazia majirani kwamba mganga alisema kweli, na wajinga wale wakatikisa vichwa kukubali.

Baba nilimpenda, nikamzika kwa heshima zake zote. Kwa hilo namdharau mpaka leo. Mimi mwenyewe sisalimiki. Siku ile njiani Bibi Kabula alipunguza mwendo, akanitazama, akangoja shikamoo yake. Nikatazama chini.