Mluzi Uliolaza Fuso la Mjomba

Hii aibu sijawahi kuisimulia vizuri, kila nikiulizwa naigeuza kichekesho, ila ng'ombe watatu walikufa na mjomba wangu Magesa akapoteza kazi, kwa hiyo leo mkicheka, chekeni kidogo tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa likizo hii, mjomba akanipa lifti kwenye fuso la tajiri wake wa Musoma, tunatoka Butiama kupeleka ng'ombe kumi na wawili mnadani Bunda. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika kwenye karavati moja jembamba, ukingo ukakatika chini ya tairi la nyuma kushoto (upande niliokaa mimi, bahati gani hiyo) na gari likainamia mtaro wenye kina cha mtu mzima.

Mjomba hakupiga kelele. Yeye anakuwaga hivyo, mambo yakibana ndo anaongea taratibu kama anasali rozari. Akakanyaga breki, akaniambia, "Tulia. Usifungue mlango, usijitingishe. Ng'ombe wakisimama sawa, tunatoka."

Watu walishajaa, kila mmoja amegeuka mwalimu wa udereva, huyu anasema kata kulia, yule rudi nyuma, mjomba anawaomba mawe tu ya kujazia chini ya tairi. Wakaanza kuyaleta. Tulikuwa tunatoka, naapa tulikuwa tunatoka.

Sasa katikati ya umati nikamwona Neema na wenzake wawili, wote wa darasani kwetu kidato cha tatu. Nikaona aibu kukutwa nimekaa kama gunia, nikatoa kichwa dirishani nikapiga mluzi ule ambao wazee wetu wanaitiaga ng'ombe kwenye chumvi (huko kwetu hata ndama anaujua). Wasichana wakacheka. Ng'ombe nao wakasikia. Wakasukumana wote kuja upande wangu kufuata chumvi, na fuso likalala mtaroni polepole, mimi chini, mjomba juu yangu.

Hata hapo akazima injini kwanza, ndipo akaniuliza kama napumua. Nilikuwa napumua, na suruali imelowa, na haikuwa mvua. Tukatolewa kupitia dirisha la juu, Neema anaangalia. Kule nyuma ng'ombe waliolaliwa na wenzao walikuwa wanakoroma, halafu wakaacha.

Tajiri alipofika akauliza imekuwaje. Umati wote ukaniangalia mimi, mimi nikaangalia matope.

"Dereva ni mimi, bosi," mjomba akasema, na funguo akazitoa kabla hajaombwa.

Siku hizi anafyatua matofali Bweri. Nyumbani hajasema neno, mama anamwita mzembe mbele yangu, naye anaendelea kumega ugali.

Nimeapa kabla shule hazijafunguliwa tajiri atausikia ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeshaenda kwake mara mbili. Mara zote nimeishia getini, nikamwambia mlinzi nimepotea njia.