Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Karani wa wakala wa safari hagusi kibodi kabla ya kunyoosha vidole vyake vinene, kimoja kimoja, kama mpiga kinanda. Juu ya kompyuta yake huketi pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, hirizi ya mashine nyingi hapa Tainan, ili mtambo uwe na adabu. Leo Mama Hsieh anamtazama roho mkononi. Binti yake yuko Vienna, siku za kujifungua zimekaribia, na treni ya kutoka Frankfurt, atakakoshukia ndege, imebakiza viti vichache. Tovuti ya treni imeikataa tena kadi yake ya Taiwan. Karani hafoki. Anaguna tu, kisha anaigeuza pakiti.

“Lo! Imeisha muda wake. Ndiyo maana!”

“Mwanangu, tatizo ni benki, si mahindi!”

“Yote mawili, mama.” Anaweka pakiti mpya, anapiga simu benki, na sauti yake inalainika kama ya mchumba. “Dada, huyu si mwizi. Mwenye kadi yuko hapa mbele yangu, ananigombeza. Mfungulieni.”

Mara simu ya Mama Hsieh inalia: namba ya siri ya kuthibitisha malipo imefika. Anaisoma kwa sauti ya mpiga mnada. Vidole vinene vinashuka, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha tiketi inatokea na jina lake.

“Wamekubali! Bibi anakwenda!” Mama Hsieh anapaza sauti.

Karani hashangilii. Anaipasua ile pakiti ya zamani na kumsogezea. “Karibu, mama. Huyu kastaafu leo.”

Mama Hsieh, ambaye nyumbani humwaga hata chai iliyolala, anaila mpaka makombo.